Kuratibu Timu ya Kujitolea ya Kutengeneza Gemu: Ahadi, Kimya na Uwajibikaji



Kwa miaka mitatu nimekuwa mratibu wa timu ndogo inayotengeneza gemu ya bao la kiswahili kwa ajili ya simu. Hatuna ofisi, hatuna mfadhili, wala hakuna anayelipwa. Tuko tisa, wakiwemo wanafunzi wa chuo, mwalimu wa sekondari na karani wa bandari. Mada hii imetokana na yaliyotukuta, nikiyapima kwa mambo ya timu za kujitolea zilizotutangulia kwa miaka mingi.

Nianze na kisa. Mnaolijua bao mnajua kwamba lina mashimo 32 na kete 64, na kwamba huchezwa kwa hatua mbili, namua na mtaji. Kuiandikia kompyuta sheria ya kula ni kazi, lakini inafanyika. Kilichotutoa jasho ni kutakata, ile zamu ambayo mchezaji hana cha kula na analazimika kusambaza kete upande wake tu, kwa masharti yanayobadilika kufuatana na hali ya shimo maalumu liitwalo nyumba. Kijana wetu mmoja, fundi kuliko sote, alisema, "Niachieni mimi." Tukamwachia. Wiki ya kwanza alituma picha ya skrini. Wiki ya pili alituma ujumbe wa sauti. Kuanzia ya tatu, kimya. Tulipomuuliza kwenye kikundi cha WhatsApp tuliona tiki mbili za buluu, jibu hatukuliona. Wiki ya saba nikamwandikia pembeni: "Mdogo wangu, kutakata bado unako mkononi au tumpe mwenzako? Ukirudisha hakuna atakayekulaumu." Sikuwahi hata kuiweka simu chini, jibu likaja: "Kaka, chukueni tu. Mitihani ilinibana, halafu nikaona aibu kusema."

Ujumbe ule nimeurudia mara nyingi. Kijana yule si mvivu. Mitihani ilimchukua wiki mbili. Zile nyingine zilichukuliwa na aibu. Na sisi ndio tuliomjengea aibu hiyo, kwa kumkabidhi kazi nzito isiyo na mipaka, kisha kumdai mbele ya watu wote. Tangu siku ile nimeamini kwamba timu ya kujitolea huweza kuvumilia uchelewaji wa kila aina, lakini kimya huiua. Mwajiri ana mshahara wa kumshikia mtu. Mratibu wa watu wa kujitolea ameshika ahadi tu, nayo ilitolewa kwa hiari. Basi kazi yake kubwa ni kuhakikisha ahadi hiyo ni ndogo, inaonekana na kila mtu, na inarudishika bila mtu kulazimika kujificha.

Wapo waliolifanya jambo hili vizuri. Tamriel Rebuilt ni timu ya kujitolea iliyoanza mwaka 2001, wakati gemu ya Morrowind haijatoka bado. Gemu ilipotoka mwaka 2002 ilikuwa na kisiwa cha Vvardenfell. Wao wakajipa kazi ya kuijenga bara yote iliyobaki ya jimbo la Morrowind. Kazi ya namna hiyo ukiitazama yote kwa pamoja utakata tamaa asubuhi ya kwanza. Wao wameikata vipande. Mgeni anaanza kwa kuonyesha sampuli ya kazi yake. Akikubaliwa, anaomba kipande kimoja: pango hili, au chumba cha nyumba ile. Jina lake linaandikwa kwenye kipande hicho, na akimaliza, mtu mwingine anakikagua kabla hakijaunganishwa na kazi ya wenzake. Miaka zaidi ya 20 imepita, watu wameingia na kutoka, na sehemu mpya bado zinatolewa.

Tulipoiga utaratibu huo, kutakata kuligawanyika kuwa kazi sita. Hakuna inayozidi Jumamosi mbili. Kila moja ina jina la mtu, siku ya kukamilika, na maelezo ya namna tutakavyojua kuwa imekwisha: unaweka kete hivi, unacheza shimo lile, matokeo yawe haya. Hili la mwisho msilipuuze. Neno "imekaribia kuisha" limetupotezea miezi mingi kuliko virusi vyote vya kompyuta. Siku ikipita bila habari, mratibu anauliza faraghani. Zikipita wiki mbili nyingine, kazi inarudi yenyewe kwenye ubao wetu wa kazi, hakuna kikao cha kumjadili mtu. Anayerudisha mapema anashukuriwa kikundini kwa jina, sawasawa na aliyemaliza.

Uwazi huo unahitaji ghala la pamoja. Wildfire Games, watengenezaji wa gemu ya 0 A.D., nao ni watu wa kujitolea walioanza mwaka 2001. Mwaka 2009 waliufungua msimbo na michoro yao kwa leseni huria, kila mwenye uwezo aweze kuichukua kazi pale ilipofika. Mwaka 2013 walichangisha fedha wakitafuta dola 160,000, wakapata kama dola 33,000. Kati ya toleo la majaribio la 23, mwaka 2018, na la 24, Februari 2021, ilipita karibu miaka mitatu. Mradi haukufa, kwa sababu kazi haikuwa imefungiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

Kwetu kikwazo cha ghala ni bando. Mchoraji wetu ana faili za Blender nzito, anazipandisha kwa fedha ya mfukoni, na GitHub ya kawaida haipokei faili inayozidi MB 100. Matokeo yake michoro ya miezi minne ilikaa kwenye laptopu yake, na laptopu ikaibiwa kwenye daladala. Alilia, nasi tulilia naye. Naliomba kila kundi lililopo hapa: mkipata shilingi ya kwanza, msichapishe fulana. Nunueni bando la wachoraji na diski moja ya akiba.

Kuhusu tarehe za kutangaza hadharani, tazameni Black Mesa, timu ya kujitolea iliyoitengeneza upya Half-Life. Mwishoni mwa 2008 walitoa video iliyoahidi 2009. Tarehe ikapita, wakaacha kutaja tarehe, na gemu ikatoka Septemba 2012, bila sura za mwisho za Xen, ambazo zilikamilika mwaka 2020. Gemu yenyewe ilipendwa sana. Lakini ahadi iliyotolewa kwa wageni inamlemea kila mwanatimu, hata yule ambaye hakuulizwa. Ndani wekeni tarehe kila wiki. Nje onyesheni kilichokwisha kufanyika.

Liko pia suala la haki, na hapa nasema kwa msisitizo. Mtu wa kujitolea si mwajiriwa, hivyo alichokichora ni chake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe kwa maandishi yenye saini. Makubaliano yaandikwe siku ya kwanza: kazi inatumika kwa leseni gani, gemu ikiuzwa nani anapata nini, na mtu akiondoka kazi yake inabaki au inakwenda naye. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unatosha. Na jina la mtu liingie kwenye orodha ya watengenezaji siku kazi yake inapopokelewa, asingojee uzinduzi ambao huenda ukachelewa miaka.

Mratibu naye awe ubaoni. Mimi nina kazi zangu zenye siku, na Machi iliyopita niliirudisha moja mbele ya wote: tafsiri ya maelezo ya mchezo, kwa kuwa nilikuwa nikiuguza mgonjwa. Wiki hiyohiyo wawili wengine walirudisha zao, kazi ambazo nilidhani zinaendelea.

Yule kijana amemaliza mitihani. Amerudi mwezi uliopita bila kuitwa, akasoma ubao kimyakimya, kisha akaandika jina lake kwenye kipande kimoja tu: kutakata wakati nyumba bado ipo. Siku aliyoiweka ni Jumamosi hii.