Sonona Katika Foleni ya Kisukari
Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki hupimwa uzito, sukari na shinikizo la damu, lakini ni nadra kuulizwa kama analala usiku, ilhali sonona, yaani huzuni nzito na kukosa hamu ya mambo kunakodumu kwa wiki 2 au zaidi, huwapata wenye kisukari takriban mara 2 zaidi kuliko wasio nacho, na huweza kumfanya mtu aache dawa kimyakimya.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuwawezesha wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili kuyatambua na kuyatibu, sonona ikiwemo. Dodoso moja la sonona linalotumika sana lina maswali 9, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi humtaka mhudumu achunguze zaidi. Kuyasoma maswali si kazi. Kazi ni kusikia, kwa kuwa mgonjwa wa Tanga au Mombasa hasemi ana sonona, bali husema ana mawazo au mwili hauna nguvu, na asiyefundishwa humwandikia dawa ya maumivu. Swali la 9, kuhusu mawazo ya kujidhuru, likiulizwa huku macho yakiwa kwenye faili, hujibiwa “hapana” upesi.

Semina ya mafunzo ya siku chache hotelini, pamoja na posho zake, haitoshi pasipo msimamizi anayerudi kliniki kuwasikiliza wahudumu wakiuliza maswali hayo, wala pasipo chumba chenye mlango unaofungwa.