MAUMIVU YA KIUNGO CHA TAYA, NA NJIA YA KUPATA NAFUU IDUMUYO

Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, mwalimu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ya Chama imeniomba niseme machache juu ya maradhi ambayo hayatajwi sana katika mikutano yetu. Hapa tumezoea kusikia habari za malaria, za kifua kikuu, za kisukari na za shinikizo la damu, na ni haki tuzisikie, maana hayo huua watu. Maradhi nitakayoyasema leo hayaui. Walakini yaweza kumnyima mtu chakula, usingizi na maneno, na mtu aliyenyimwa vitu hivyo vitatu hawezi kuifaa nyumba yake wala Chama chake kama apendavyo. Nasema juu ya maumivu ya kiungo cha taya. Nimeishi nayo miaka 11 sasa, nami ni mwalimu, mtu ambaye kazi yake yote hupita kinywani. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda hiki nimekilalia.

Kwanza yafaa tukijue kiungo chenyewe. Tafadhalini, kila mmoja aweke kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha afumbue kinywa na kukifumba polepole. Kile mnachokisikia kikienda na kurudi chini ya kidole ndicho kiungo cha taya la chini, mahali linapokutana na fuvu la kichwa. Kiko kimoja kila upande, na viwili hivyo ni kama ng'ombe wa nira moja: mmoja hawezi kwenda bila mwenziwe. Hakifanyi kazi kama bawaba ya mlango tu, bali mtu afumbuapo kinywa sana, taya hujipinda kisha huteleza mbele. Katikati ya mifupa kuna kipande chembamba cha gegedu kama mto mdogo, ili mfupa usisagane na mfupa. Na yote haya huvutwa na misuli yenye nguvu, mingine ya shavuni, mingine iliyotandaa mpaka kipajini. Ndiyo sababu mtu mwenye taabu ya taya aweza kulalamika kichwa, au sikio, au shingo, wala asilitaje taya kabisa.

Chanzo cha taabu hii si kimoja. Wako waliopigwa au kuanguka. Wako wenye ugonjwa wa baridi ya viungo. Wako ambao kile kipande cha gegedu kimehama mahali pake, hata taya likalia likifumbuka au likakwama. Wako wasagao meno usiku bila kujua, mpaka mwenzao wa chumbani awaambie asubuhi. Lakini wengi ni wale ambao misuli yao imechoka kwa kukazwa mchana kutwa: mtu ana deni, au ana mgonjwa nyumbani, naye huyabana meno yake kama abebaye mzigo, asitambue kwamba ayabana. Tena kuna mazoea yanayoongeza taabu: kumenya muwa kwa meno, kufungua chupa ya soda kwa magego, kukata uzi kwa meno kama wafanyavyo mafundi cherehani, kutafuna miraa saa nyingi kwa shavu moja. Mara nyingi sababu mbili au tatu huungana, na kwa hiyo ni vigumu kumwonyesha mgonjwa kitu kimoja na kumwambia, "Hiki ndicho kilichokuumiza."

Hapo ndipo hatari inapoanza, Bwana Mwenyekiti. Mtu mwenye maumivu hutaka kitu kimoja cha kulaumu, ili kiondolewe. Mimi mwenyewe nalitibiwa sikio mara mbili, na sikio lilikuwa zima. Kisha katika chumba kimoja cha kung'olea meno, nisichotaka kukitaja, niliambiwa kwamba gego la mwisho ndilo lenye makosa. Likang'olewa. Majuma matatu baadaye nikaambiwa kwamba kosa ni la jirani yake, nalo likang'olewa. Maumivu yakabaki palepale, na meno mawili mazima yalikuwa yamekwenda. Daktari wa meno aliyenipima baadaye hakushika koleo. Aliniweka vidole mbele ya masikio, akanitaka nifumbue kinywa, akapima ufumbuzi wake kwa rula, akabonyeza misuli ya mashavu mpaka nikaruka kitini. Ndipo akasema, "Mwalimu, meno yako hayana neno. Ni kiungo, na misuli yake." Sikupona siku ile, lakini nalilala usingizi, kwa kuwa taabu yangu ilikuwa imepata jina.

Wala msidhani kwamba makosa ya namna hii ni ya nchi yetu peke yake. Taya lililoteguka ghafla binadamu amejua kulirudisha tangu zamani. Katika maandishi ya mafunjo ya Misri ya kale, yenye umri wa miaka kama 3,600 na yajulikanayo kwa jina la Edwin Smith, tabibu aelekezwa atie vidole gumba kinywani mwa mgonjwa na vingine chini ya kidevu, alirudishe taya mahali pake. Na madaktari wa leo hufanya karibu vivyo hivyo. Lakini maumivu yakaayo miezi na miaka ni jambo jingine, na wataalamu wenyewe wamekosea juu yake. Mwaka 1934 daktari wa masikio huko St. Louis, Marekani, jina lake James Costen, aliandika kwamba taabu hii hutoka kwa kupotea magego, taya likarudi nyuma na kubana mishipa ya fahamu karibu na sikio. Maradhi yakaitwa kwa jina lake miaka mingi, na midomo mingi ikatengenezwa upya kwa kufuata maelezo hayo. Baadaye wachunguzi wa maumbile ya mwili walionyesha kwamba kiungo hakikuumbwa kama alivyodhani.

Kosa kubwa zaidi lilikuja katika miaka ya 1980. Huko Marekani wagonjwa wengi walipasuliwa, kile kipande cha gegedu kikatolewa, na mahali pake kikawekwa kipande kilichotengenezwa kwa Teflon. Watu walitumaini kwamba dawa ya milele imepatikana. Lakini vipande vile vilivunjikavunjika ndani ya kiungo, na mwili ulipopigana na chembe zake ukaula mfupa wenyewe. Mwaka 1990 serikali yao iliamuru viondolewe sokoni. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa wanawake, na baadhi yao walipasuliwa tena na tena, maumivu yao yakizidi yale waliyoyaleta mara ya kwanza.

Basi nawasihi mlishike neno hili moja, hata mkiyasahau mengine yote: kwa maumivu ya taya, tuanze na yale yanayoweza kurudishwa nyuma, na tuyaogope yale yasiyoweza kurudishwa. Zoezi lisilokufaa waweza kuliacha kesho. Jino lililong'olewa halirudi, na jino lililochongwa halioti tena.

Hili si shauri langu tu. Desemba 2023 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo ulioandikwa na wataalamu pamoja na watu wenye maradhi haya wenyewe. Walipozipima tiba nyingi, zile walizozisifu zaidi zilikuwa za upole: mazoezi ya taya chini ya uangalizi, mazoezi ya kuweka vyema shingo na mabega, kukandwa misuli kwa mikono ya mtu aliyefunzwa, na mafundisho ya mshauri yanayomsaidia mgonjwa kutawala wasiwasi, usingizi na mazoea yake. Kupasuliwa ili kutolewa gegedu walikukataza, na vifaa vya kinywani vinavyobadili meno kwa kudumu hali kadhalika. Hata kile kifuniko cha plastiki kivaliwacho usiku, ingawa chaweza kuyalinda meno ya mtu asagaye, hawakuona kwamba faida yake juu ya maumivu ya muda mrefu ni ya kutegemewa. Upasuaji una mahali pake, kama vile kiungo kilichoharibika kabisa au kilichoshikana. Lakini mahali hapo ni mwisho wa njia, si mwanzo wake.

Sasa mtaniuliza, mtu afanye nini nyumbani? Nitayataja niliyofundishwa.

La kwanza ni mahali pa kupumzika taya. Midomo ifumbe, meno yasigusane, ncha ya ulimi ikae juu, nyuma ya meno ya mbele. Meno hayakuumbwa yakae yamegusana mchana kutwa. Nalibandika kipande cha karatasi nyekundu juu ya saa ya darasani, na kila nilipokiona nilijiuliza, "Je, nimebana?" Mwezi wa kwanza jibu lilikuwa ndiyo karibu kila mara.

La pili ni joto. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kiwekwe shavuni dakika 15 au 20, kisiunguze ngozi. Baada ya joto ndipo zoezi: ulimi juu, kinywa kifumbuliwe polepole hadi pale ulimi unapotaka kubanduka, kisha kifumbwe, mara 6, na kurudiwa mara kadha kwa siku. Zoezi lisilazimishwe mpaka kuumiza.

La tatu ni chakula. Katika siku mbaya yafaa uji, ugali laini, maharagwe yaliyoiva sana, viazi na ndizi za kupondwa, nyama iliyokatwa vipande vidogo. Muwa, mahindi makavu ya kuchoma na mifupa vingoje. Lakini mtu asiliache taya bila kazi majuma na majuma, maana kiungo kisichotumika hukakamaa. Na mtu apigapo miayo, aweke ngumi chini ya kidevu, kinywa kisifumbuke kupita kiasi.

La nne ni vidonge. Vidonge vya maumivu vyaweza kusaidia siku chache, kwa shauri la daktari. Kuvinunua dukani na kuvimeza miezi mingi huharibu tumbo na figo.

Nafuu yenyewe huja kama wenyeji wa bandu bandu wasemavyo, huisha gogo. Miezi mitatu ya kwanza sikuona tofauti kubwa. Mwezi wa tano nalikula chapati. Leo maumivu hunirudia, hasa wakati wa mitihani, lakini huja kama mgeni na kuondoka, hayakai tena kama mwenye nyumba. Hiyo ndiyo maana ya nafuu idumuyo kwa wengi wetu: si kwamba taya halitauma kamwe, bali kwamba mwenye taya ajua la kufanya linapouma. Na taya linalolia tu bila kuuma wala kukwama, mara nyingi halihitaji dawa yoyote.

Lakini yako mambo yasiyongojewa. Taya likikazana baada ya jeraha, laweza kuwa pepopunda. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo uvimbe wenye homa, kinywa kilichokwama wazi, ganzi ya uso, au uvimbe usiopungua. Maumivu ya taya yajayo na kubanwa kifua yaweza kuwa ya moyo. Na mzee aliyepita miaka 50, akiumwa kipaji na kuchoka taya kila atafunapo, tena macho yakaanza kufifia, asilale bila kumwona daktari, asije akapofuka.

Namalizia na Chama chetu. Mgonjwa wa taya hana kidonda cha kuonyesha wala bendeji. Akikataa nyama karamuni husemwa kwamba ana maringo. Akinyamaza mkutanoni husemwa kwamba ana kinyongo. Akilalamika husemwa kwamba ni mawazo tu. Ni kweli kwamba wasiwasi huongeza maumivu haya, lakini kuongeza si kubuni. Moto huzidishwa na upepo, wala hakuna asemaye kwamba kwa hiyo moto ni wa uongo.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, mfuko wetu wa wagonjwa ukubali kumlipia mwanachama nauli na ada ya kupimwa na daktari wa meno mwenye kibali kabla hajang'olewa jino kwa maumivu yasiyoeleweka. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, na si haki mwanachama wetu apoteze meno mazima kwa kukosa nauli ya kuwafikia. Pili, kamati ya akina mama, ambao taabu hii huwapata zaidi kuliko wanaume, iyafundishe mazoezi niliyoyataja katika mikutano yake ya vijijini. Tatu, ambalo halina gharama, mwenzetu asemapo kwamba taya lauma, tumsadiki.

Kwa mtu ambaye zamani hakuweza kusoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya watoto, kusimama na kusema mpaka mwisho ni jambo la kumshukuru Mungu.