Intaneti moja, milango sita

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba, Lubumbashi



Katika mkutano uliopita wengi mliuliza: ile intaneti ya nyumba ya etaje inaendaje? Wengine walinong'ona kwamba komite inakula faida. Leo tumekuja kueleza yote, mazuri pamoja na aibu yetu, juu kuko lupango zingine tatu zinazotaka kufanya kama sisi.

Tuanze na sababu. Wengi wetu tulirudi kuanzia mwaka wa 2007, kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba, kisha tukashuka huku Lubumbashi kutafuta kazi na shule za watoto. Lakini hatukurudi wote. Kuko wenye watoto waliooa na kuolewa Zambia. Kuko wenye kaka na dada Meheba mpaka leo. Kupiga simu ya kawaida kuvuka mpaka ni bei kali. Kwa WhatsApp mama anaongea na mjukuu wake saa nzima. Kwa hiyo, kwetu intaneti si mchezo wa vijana tu. Ndiyo kamba inayotufunga na wale tuliowaacha.

Zamani kila nyumba ilinunua forfe yake ndogo ya simu, leo ya siku moja, kesho ya siku tatu. Tulipohesabu, jamaa sita za ile nyumba zilikuwa zinatoa faranga nyingi kwa mwezi kuliko bei ya antena moja ya juu ya paa. Tukakubaliana: mmoja wetu aweke jina lake kwenye mkataba, dola 50 kwa mwezi, na wote tugawane kwa waifai.

Kosa la kwanza lilikuwa mahali pa ruta. Tuliiweka chini, kwa mtunza hazina, nyuma ya frigo, juu yeye ndiye aliyeaminiwa. Waliokaa juu hawakupata kitu. Mawimbi ya waifai yanachoka yakipita zege lenye vyuma ndani, na bati ao frigo vinayarudisha nyuma. Tulipoihamishia kwenye ukumbi wa ngazi, katikati ya nyumba, juu ya ukuta, milango minne ilipata vizuri siku hiyohiyo bila kununua chochote. Mjue pia kwamba ruta nyingi ziko na njia mbili: ya 2.4, inayofika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, na ya 5, yenye mbio lakini ya karibu. Wa mbali ajiunge na ile ya 2.4.

Kwa milango miwili ya mwisho tulinunua kile kisanduku kidogo cha kurudia mawimbi. Kilifanya kazi, lakini kwa kuchechemea, juu kinapokea na kutuma kwenye njia ileile, na mbio inapungua karibu nusu. Baadaye tulivuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye ruta ya pili, ya zamani, iliyokuwa imelala kabatini. Hapo ndipo mambo yalinyooka. Ushauri wetu: kama mnaweza kuvuta waya, vuteni waya.

Kosa la pili lilikuwa neno la siri. Tulimpa kila mtu neno moja, likapita kinywa mpaka kinywa. Mbio ikaanguka. Fundi kijana wa chama alipofungua ukurasa wa ruta, alikuta simu na mashine 41, na sisi ni jamaa sita! Watoto wetu walikuwa wanauza neno la siri barabarani kwa faranga 500. Tulicheka, lakini haikuwa ya kuchekesha. Mtu asiyejulikana akifanya uchafu ao wizi kupitia intaneti ile, jina litakalotafutwa kwanza ni la yule aliyetia sahihi mkataba. Na ile ruta ilikuwa bado na neno la siri la kiwandani kwa upande wa usimamizi, lile linalojulikana na kila fundi. Mtu angeweza kutufungia nje ya nyumba yetu wenyewe.

Kosa la tatu ndilo linatuuma. Mwezi mmoja, mama mjane wa chumba cha nyuma alisema: «Miye sina falanga mwezi huu, biashara ya samaki imekufa.» Sisi tulisema sheria ni sheria, tukamkata. Wiki ileile binti yake wa Meheba alilazwa hospitalini. Walimtafuta mama kwa WhatsApp siku mbili, hawakumpata. Habari ilimfikia siku ya tatu, kwa simu ya jirani. Binti alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama alituambia neno moja mbele ya wote: «Chama ni cha kusaidiana, ao ni cha kukatana?» Hakuna aliyejibu.

Baada ya hapo ndipo tulikaa chini na kuhesabu vizuri. Mkataba wetu ulikuwa wa megabiti 10 kwa sekunde. Kumbukeni megabiti si megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Video moja safi ya filamu inakula kama megabiti 5. Vijana wawili wakiangalia filamu, nyumba nzima imekwisha. Kuongea kwa sauti tu kwenye WhatsApp hakufiki hata megabiti 1. Yaani yule mama tuliyemkata alikuwa hatumii karibu kitu, na waliokuwa wanakula zote walikuwa wamelipa sawasawa na wengine na kujiona hawana deni.

Tukabadilisha mambo. Sheria zetu za leo ni hizi:

Kwanza, kila mlango uko na kipimo chake ndani ya ruta. Hakuna mlango unaoweza kuchukua zote wakati wengine wanahitaji.

Pili, asiyeweza kulipa hakatwi. Anabaki na kipimo kidogo cha sauti na ujumbe, na sanduku la msaada linafunika sehemu yake kwa miezi mitatu, kisha tunaongea naye.

Tatu, neno la siri linabadilishwa kila miezi mitatu. Ulinzi uwe WPA2 ao WPA3. Ule wa zamani wa WEP unavunjwa kwa dakika chache. Wageni wanapewa njia ya wageni, isiyoona simu na mashine za nyumbani. Neno la usimamizi liko kwa watu wawili wa komite, si kwa mmoja.

Nne, karatasi ya malipo inabandikwa kwenye ngazi kila tarehe 5. Nani amelipa, nani amesaidiwa na sanduku bila kutaja jina, ngapi imebaki. Manung'uniko yalikwisha siku ile karatasi ilibandikwa.

Tano, tuliacha kujificha. Mikataba mingi ya nyumbani inakataza kugawa nje ya nyumba, na kuuza intaneti kwa watu ni biashara inayotaka ruhusa. Kwetu mambo haya yanasimamiwa na ARPTC, na sheria ya mawasiliano ni ile namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Tuliiandikia kampuni yetu barua, tukaeleza kwamba tunagawana gharama bila faida. Walitubadilishia mkataba, ukawa dola 60. Dola 10 kwa kila mlango. Ni zaidi kidogo, lakini tunalala usingizi.

Imebaki shida ya umeme. Umeme ukikatika, waifai inakufa hata kama simu zote ziko na moto. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 inashikilia ruta na antena yetu karibu saa tano. Tuko nayo moja, ya kuazima. Zile lupango tatu zingine hazina.

Kwa hiyo, ndugu wanamemba, tunawaomba: msikimbilie kununua. Anzeni na kukaa pamoja, mwandike sheria, halafu ndipo mpande kwenye paa. Fundi wetu atakuja kwenu bila malipo. Mpeni tu nauli na chakula.

Nanyi wafadhili, hatuwaombi mtulipie intaneti ya kila mwezi. Ile tutalipa wenyewe, juu kitu cha bure hakina mlinzi. Tunaomba betri nne na waya, vitu vinavyobaki.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tulikuwa na vidole sita, tukakata kimoja. Mama wa chumba cha nyuma yuko hapa leo, ameketi mbele. Samaki imerudi, na mwezi huu amelipa mlango wake, akaongeza dola moja kwenye sanduku kwa ajili ya mwingine.