Shamba langu, niende kwa nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bunia)



Nimeombwa kuelezea namna serikali yetu imepangwa. Nikianzia Kinshasa mutasinzia. Nianzie kwa ulizo lenye ninasikia kila mara Djugu na Irumu: "Nimerudi, nimekuta mutu mwingine analima shamba langu. Niende kwa nani?" Wengi wanaenda kwa mwanajeshi, sababu njo anaonekana karibu, na iko na bunduki.

Katiba ya 18 Februari 2006 haikuweka mamlaka yote kwa mukono moja. Kuko Rais, kuko Bunge lenye vyumba mbili, kuko Serikali, na kuko matribinali. Juji hapaswi kupokea amri ya minista, wala ya gavana. Kongo si nchi ya federasyo, lakini majimbo yalipewa kazi zao. Ituri yetu, yenye teritware tano, ilikuwa distrikti tu mpaka 2015. Leo ni jimbo, na Katiba inalipatia bunge lake, lenye kuchagua gavana na kumuomba hesabu.

Sasa, tangu 6 Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, eta de siyeje. Gavana ni mwanajeshi, bunge la jimbo lilisimamishwa. Watu wanazungumuza sana juu ya wanajeshi, lakini mimi naona hasara kubwa iko pale: hakuna tena mutu hapa Bunia wa kumuuliza gavana maswali kwa jina letu. Kwa Katiba, utawala huu unaongezewa siku 15 kwa 15 na Bunge la Kinshasa. Basi wadepite wetu wa kule wangali na kazi. Tuwaandikie.

Lakini munisikilize vizuri. Eta de siyeje ilipeleka kesi za makosa ya jinai kwa matribinali ya kijeshi. Kesi ya shamba haikupelekwa kule. Ilibakia kwa majuji raia. Komanda hana ruhusa ya kukata mipaka ya mashamba, hata akiwa mutu muzuri. Akikata leo, kesho atahamishwa, na wewe hautabakia na karatasi yoyote.

Anzia kwa shefu wa lokalite, halafu gurupema. Shefu anajua mipaka ya zamani, na kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda pia mali iliyopatikana kwa desturi. Anaweza kupatanisha. Mukisikilizana, muandike, pande mbili zitie sahihi pamoja na mashahidi. Ikishindikana, shamba la desturi linaenda kwa tribinali ya amani, Tripe. Lenye setifika linaenda kwa tribinali kubwa.

Wafadhili wanatuuliza kwa nini pesa ya safari ni nyingi kwa budje yetu. Ni sababu ya hii: mama wa kijijini hawezi kufika mbele ya juji bila kulipa pikipiki, na juji hakati kesi kwa siku moja.

Mwenye shida ya shamba abakie kidogo baada ya mukutano. Tutaandika lokalite yake, sheferi ao sekta yake, mwaka alikimbia, na nani analima sasa.