Kuta za Nyumba Tuliyoinunua Kifungilo

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kuta: si kuta za kujengwa, bali kuta zilizokwisha kujengwa na watu wengine, nasi tukazinunua. Methali ya ufa na ukuta mwaijua nyote, basi hatutaikariri.

Nyumba yetu iko mlimani karibu na Kifungilo, katika wilaya ya Lushoto. Ni nyumba ya matofali mabichi, imekandikwa udongo ndani na nje, na siku tulipoiona kwanza kuta zake za ndani zilikuwa nyeupe pepepe, zimepakwa chokaa upya. Tulifurahi mno, wala hatukujiuliza kwa nini mtu aipake chokaa nyumba anayoiuza. Mvua za masika zilipoanza tulipata jibu. Nyuma ya kitanda cha watoto chokaa ilifanya malengelenge, ikaanguka vipande vipande, na chini yake tukaona udongo mweusi uliolowa, pamoja na ufa wa kuingia kidole. Mtoto wetu wa mwisho akaanza kukohoa usiku.

Hapo tulifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Tulinunua saruji, tukamwita kijana mmoja, akauziba ufa ule na kuupaka ukuta mpaka kimo cha kiuno. Haikuisha miezi miwili saruji ikabanduka kama ganda la muhogo, tena ikatoka na udongo wa ukuta nyuma yake. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ukuta wa udongo huvimba kidogo ukilowa, hunywea ukikauka. Saruji ni ngumu, haiufuati. Tena maji yaliyomo ukutani hutaka kutoka kwa kukauka polepole, na saruji huyafungia mlango. Hubaki nyuma yake yakiulainisha udongo.

Jirani yetu, mzee wa Kisambaa aliyekandika nyumba nyingi tangu ujana wake, alikuja kutazama. Akacheka, akasema, "Mwalimu, umemziba mgonjwa mdomo, wala hukumwuliza aumwa wapi." Kisha akatutoa nje, akatuzungusha mpaka nyuma ya nyumba.

Huko ndiko ulikokuwa ugonjwa. Mlimani, ili kupata mahali sawa pa kujenga, watu huuchimba ubavu wa mlima, na nyuma ya nyumba hubaki ukingo mrefu wa udongo. Mvua ikinyesha, maji hushuka na kutuama kati ya ukingo na ukuta, na ukuta huyanywa kwa chini kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa. Tulichimba mfereji chini ya ukingo ule, mbali kidogo na msingi tusije tukaudhoofisha, tukayapeleka maji kwenye migomba. Tukaibandua saruji yote iliyobaki. Kisha tukangoja, na kungoja ndiyo kazi iliyotushinda kuliko kuchimba, maana ukungu wa Usambara hauna haraka. Ilikuwa Agosti ukuta ulipokauka.

Sasa habari za kiraka chenyewe. Ukuta wa udongo huzibwa kwa udongo. Chukua ule mwekundu wa chini, usichukue mweusi wa juu wenye mizizi inayooza. Udongo mtupu hupasuka ukikauka, kwa hiyo hutiwa mchanga. Lakini kiasi gani? Udongo wa kila mahali una tabia yake. Ninyi wanafunzi mwaweza kulijaribu jambo hili: pakeni viraka vitatu vidogo mahali pasipoonekana, cha kwanza mchanga sawa na udongo, cha pili mara mbili, cha tatu mara tatu. Vikikauka, kisichopasuka wala kumomonyoka kikisuguliwa ndicho cha kufuata. Kwetu kilikuwa cha pili. Tulitia na nyasi kavu zilizokatwa fupi, tukaulaza udongo usiku mmoja.

Ufa hukwanguliwa kwanza mpaka udongo mgumu, hupanguswa vumbi, hunyunyizwa maji, ndipo udongo hushindiliwa kwa vidole kwa nguvu. Usiujaze mara moja. Jaza nusu, acha ukauke, ndipo ujaze tena.

Msizione nyufa na matundu kuwa ni ubaya wa sura tu. Papasi, wadudu waletao homa ya papasi, hujificha humo mchana na kuwauma watu usiku. Robert Koch alichunguza habari zao katika nchi hii mwaka 1905. Na panya je? Tauni iliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, na katika miaka zaidi ya 20 iliyofuata watu zaidi ya 7,000 waliugua, mamia wakafa. Viroboto wa panya ndio walioieneza. Matundu ya panya tuliyoyakuta nyuma ya makabati tuliyashindilia mawe na vipande vya chupa kabla ya kutia udongo, kwa maana udongo mtupu panya huutoboa usiku uleule.

Mwisho tulipaka chokaa. Chokaa isiyozimwa huchemka ikitiwa maji, nayo yaweza kupofua macho. Watoto wakae mbali. Iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe mara tatu juu ya ukuta ulionyunyizwa maji. Wala msipake kiraka peke yake, kitaonekana daima kama kiraka cha kanzu. Pakeni ukuta mzima, kutoka pembe hata pembe. Chokaa huuacha ukuta ukauke, saruji haikufanya hivyo.

Masika mawili yamepita tangu hapo. Kitanda cha watoto kimerudi mahali pake, ila tumekiweka mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, tupate kuchungulia nyuma yake kila mvua inapokatika.