MIPANGO YA NISHATI KATIKA MIKOA NA MIJI: MAFUNZO YA BONDE LA KILOMBERO

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Umeme unaowasha taa za Unguja na kuendesha pampu za maji una safari ndefu. Tangu mwaka 1980 kisiwa hiki kimeunganishwa na gridi ya Taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Wakati huo nguzo kuu ya gridi ilikuwa kituo cha Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, mahali ambapo mto huo unateremka kutoka milimani karibu na lango la kaskazini la Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Pemba nayo iliunganishwa mwaka 2010 kwa waya uliotoka Tanga. Kwa hivyo mwananchi wa Visiwani na mwananchi wa Ifakara, ulio mji mkubwa wa bonde hilo, wana shirika katika jambo hili, ijapokuwa bahari inawatenga.

Mazungumzo haya yana hoja moja. Mpango wa nishati wa mkoa, wilaya au manispaa hauwi endelevu kwa kuhesabu megawati peke yake. Unakuwa endelevu pale unapohesabu pia haja za mwananchi anayeishi palipo na chanzo, uhai wa maji na misitu inayozaa umeme, na moto wa jikoni. Bonde la Kilombero linaonesha mambo yote matatu kwa uwazi.

UMEME ULIOPITA JUU YA MAPAA

Kituo cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na baada ya awamu yake ya pili kukamilika mwaka 1980 kilifikia uwezo wa megawati 204. Upande wa kusini-magharibi, kwenye kingo za Milima ya Udzungwa, kituo cha Kihansi kilijengwa katika miaka ya 1990 na kuanza kazi kwa ukamilifu mwaka 2000, kikiwa na uwezo wa megawati 180. Njia ya umeme ya kilovolti 220 inatoka Kihansi, inalipita bonde na kufika Kidatu, na kutoka hapo umeme husafirishwa kwenda Morogoro, Dar es Salaam na kwingineko.

Lakini waya wa kilovolti 220 haumpi mwanakijiji taa hata akiwa anaishi chini yake. Umeme huo lazima kwanza upozwe katika kituo maalumu, kisha usambazwe kwa njia ndogo. Kwa muda mrefu Ifakara, pamoja na hospitali yake kubwa na mashine zake za kukoboa mpunga, ilitegemea njia ya kilovolti 33 iliyovutwa kutoka Kidatu. Njia ndefu ya msongo wa namna hiyo hupoteza nguvu njiani, na mti mmoja ukiangukia waya, mji mzima na vijiji vyake huingia gizani. Kituo cha kupoza umeme cha Ifakara, kilichounganishwa na njia ile kubwa, kilijengwa katika miaka ya mwanzo ya 2020 kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya.

Basi ilipita takriban miaka 20 baina ya waya kupita juu ya mapaa na umeme wake kuteremshwa kwa watu walio chini. Kazi ya kuzalisha na kusambaza umeme ilikuwa ikipangwa kitaifa, na lengo la kwanza lilikuwa kuifikia miji mikubwa na viwanda. Lengo hilo lilikuwa na sababu zake. Hata hivyo, funzo kwa mpangaji wa mkoa au wilaya ni kwamba swali la mahitaji ya wenyeji huulizwa siku njia inapochorwa. Baada ya nguzo kusimama, jibu lake huwa ghali na huchelewa.

MAJI NDIYO MTAJI

Jambo la pili ni maji. Pale Kihansi, mto ulikuwa ukianguka kwenye korongo refu na kutoa manyunyu yaliyolowesha majani mchana na usiku. Mwaka 1996, kazi ya ujenzi ikiwa imekwishaanza, wataalamu waligundua katika manyunyu hayo chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefikia urefu wa sentimita tatu, ambaye hazai mayai bali huzaa watoto walio hai. Hajapata kuonekana kwingineko duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani ili kizazi chao kisipotee. Yalitandikwa mabomba ya kunyunyiza maji korongoni, na sehemu ya maji ya mto ikaachwa ipite. Hata hivyo ugonjwa wa ukungu ulionekana miongoni mwa vyura hao mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Kuanzia mwaka 2012 waliozaliwa ng'ambo walianza kurejeshwa.

Wapo waliouliza kama inafaa kuhangaikia chura wakati watu hawana umeme. Jawabu ni kwamba chura yule alikuwa kipimo. Alionesha kwamba hesabu ya maji ya mto ilifanywa kwa ajili ya mitambo kwanza, na mahitaji mengine yakafuatia. Hesabu kama hiyo ikikosewa kwa bonde zima, hasara itawafikia wavuvi, wakulima wa mpunga na mitambo yenyewe.

Na uzito wa bonde hili umezidi. Mto Kilombero huupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na ni kwenye Rufiji lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Ardhi oevu ya Kilombero, yenye eneo linalokaribia kilomita za mraba 8,000, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Ardhi hiyo hupokea mafuriko ya masika, huyashikilia, kisha huyaachia polepole. Mashamba yakipandwa hadi ukingoni mwa mto, mifugo ikizidi kiasi na misitu ya milimani ikikatwa, maji huja kwa kishindo na kuondoka upesi. Ukame wa mwaka 2006 ulileta mgao mkali wa umeme, na mwezi Oktoba 2015 vituo vya umeme wa maji vya nchi vilisimamishwa kwa sababu mabwawa yalikauka mno. Akiba haiozi, na akiba ya umeme wa maji ni msitu na ardhi oevu.

MOTO WA JIKONI

Nyumba nyingi zilizopata umeme bado hupikia kuni na makaa. Mpango unaohesabu taa na kusahau jiko huwa umehesabu sehemu ndogo ya nishati ya mwananchi.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na mito mingi inayoteremka bondeni huanzia humo. Kwa miaka mingi wanavijiji wa pembezoni waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi kwa siku maalumu, hadi ruhusa hiyo ilipokomeshwa mwaka 2011. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa kwa msitu, lakini mzigo wake uliwaangukia akina mama, ambao chungu chao hakikusubiri. Amri ya kuhifadhi inapaswa kutangulizwa na nishati mbadala: miti ya kuni iliyopandwa kijijini, majiko yanayotumia kuni chache, na gesi kwa anayeimudu. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo litatimia vijijini au halitatimia.

Bonde lenyewe lina mali iliyokuwa ikihesabiwa kuwa taka. Viwanda vya sukari vya Kilombero huchoma makapi ya miwa na kujizalishia umeme. Pumba za mpunga huchomea matofali badala ya magogo. Kule Njombe, umeme uliotokana na mabaki ya miti ulianza kuzalishwa mwaka 1995, na huko Mufindi kituo kidogo cha Mwenga, cha megawati 4, kinaviuzia vijiji na gridi tangu mwaka 2012.

KAZI YA HALMASHAURI NA MANISPAA

Halmashauri haijengi bwawa kubwa, lakini ina mamlaka juu ya mambo mengi yanayoamua hatima ya nishati:

(a) Kuweka orodha ya mahitaji, kijiji kwa kijiji: zahanati, skuli, visima, mashine za nafaka na majiko.

(b) Kupanga matumizi ya ardhi, ili njia za nyaya zijulikane mapema na vyanzo vya maji visigeuzwe mashamba.

(c) Kutenga misitu ya vijiji kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kusimamia uvunaji wa kuni na makaa.

(d) Kukaribisha miradi midogo ya maji, jua na mabaki ya mazao, na kuhakikisha kwamba wenyeji wanafaidika kwanza.

YANAYOWAHUSU WAKAAZI WA VISIWANI

Unguja ilikaa bila ya umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kwa kuwa pampu zinategemea umeme, maji nayo yalikatika, na wananchi walibeba ndoo usiku na mchana. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Waya huo umepanua njia, lakini chanzo kimebaki ng'ambo ya bahari.

Kwa hivyo kila Baraza la Manispaa na kila wilaya inafaa iwe na karatasi yake ya nishati: pampu zipi, hospitali zipi na vyumba vipi vya baridi vihudumiwe kwanza umeme ukipungua, mapaa yapi ya majengo ya Serikali yanafaa kuwekwa mitambo ya jua, na tanuri za chokaa na majiko ya nyumbani yatapata wapi nishati bila ya kumaliza msitu. Karatasi hiyo ijadiliwe katika shehia, kwa sababu mkaazi ndiye anayejua kisima kinachotegemewa na mtaa wake.

Na pale yanapozungumzwa mambo ya Bonde la Kilombero, yasionekane kuwa ni ya watu wa mbali. Mkulima wa Ifakara anayeacha miti ukingoni mwa mto analinda pia taa ya mgonjwa aliyelazwa Mnazi Mmoja. Ni haki mkulima huyo naye awe na taa.