Paka Akibadilika Sauti

Huenda ukacheka ukisikia kwamba leo, katika mazungumzo haya ya wakulima na wafugaji, nimekuja kuzungumza juu ya paka. Ng'ombe umezoea, mbuzi umezoea, kuku ndio usiseme. Lakini paka? Basi nikuulize: mahindi uliyoyavuna ukayatia kihengeni, nani anayalinda na panya usiku wewe ukiwa umelala? Paka ni mfanyakazi asiye na mshahara. Siku ya chanjo hana, na akiugua hatumwiti mtu. Tunasema ana roho ya paka huyo, atapona mwenyewe.

Nataka tuzungumze juu ya sauti yake tu. Si magonjwa yote ya paka, maana hayo hayatakwisha leo.

Kwanza uijue sauti ya paka wako akiwa mzima. Paka wakubwa wakiwa wao kwa wao hawaliani "nyau" sana. Hiyo nyau ya asubuhi unapopika uji anakulilia wewe, na kila paka ana yake. Mama wa nyumba huijua, muulize atakwambia. Sasa sauti hiyo ikibadilika, iwe nene, iwe ya kukwaruza, iwe kali usiku kucha, au itoweke kabisa, ujue kuna sababu.

Sababu nyingine si ugonjwa. Jike akitaka dume hulia kwa sauti ndefu kama mtoto mchanga, anajiviringisha chini na kuinua kiuno. Wako watu wanaompiga wakidhani amerogwa. Mwache, mashume wa kijiji kizima wameshamsikia, na baada ya siku kama 65 utakuwa na vitoto ndani ya kapu la nguo. Mtoto wa paka anayepiga chafya, macho yana tongotongo na sauti imemkauka, huyo ana mafua ya paka. Mpe mahali pa joto, umfute macho kwa maji ya uvuguvugu, umpe chakula laini chenye harufu. Lakini usimpe vidonge vyako vya maumivu vya parasetamoli. Kidonge kimoja tu chaweza kumwua paka mzima. Paka mzee naye, miaka yake 10 na kuendelea, akianza kupiga kelele usiku bila sababu, pengine masikio yameziba, pengine tezi la shingoni au figo zina shida. Huyo amwone daktari wa mifugo, ila hakuna haja ya kukimbia.

Wa kukimbia naye ni dume anayekwenda kwenye majivu mara kwa mara, anachuchumaa, analia kwa uchungu na mkojo hautoki. Njia imeziba. Huyo hana wiki. Ana siku mbili au tatu.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Msimu mmoja wa mavuno nilikwenda kijiji kimoja mkoani Morogoro kuangalia dumuzi kwenye mahindi. Mimi hasa ni mtu wa mahindi na maghala. Tukiwa nyuma ya nyumba, bibi mwenye mji akaniambia, "Baba, hebu mtazame na paka wetu. Sauti imemkauka, analia kama bawaba yenye kutu." Nikamwona paka amekaa chini ya kihenge, kimya, kidevu kimelowa udenda, mdomo hafungi vizuri. Bakuli la maji liko mbele yake, analitazama, anainamisha kichwa, hanywi. Siku ya pili hiyo. Bibi akasema ni mwiba wa samaki umemkwama. Mjukuu, mtoto wa miaka kama 9, alikuwa ameshakwenda kuchukua kijiti ili wamfungue mdomo wautoe. Na mzee, kumbe jana yake alikuwa ameshajaribu. Akanionyesha kidole cha shahada, kina mchubuko mdogo wa jino, amekifunga kitambaa.

Nikapaza sauti, naungama, mbele ya wazee. Nikamwambia mtoto atupe kijiti na aondoke pale.

Nilipaza sauti kwa sababu na mimi nilishafanya kosa hilohilo. Nilipokuwa na mwaka mmoja tu kazini nilitia mkono mpaka kiwikoni katika kinywa cha ng'ombe aliyekuwa akitokwa na udenda na kulia kwa sauti ya kukwaruza. Nilidhani amekwamwa na muhogo. Hapakuwa na muhogo. Nilichomwa sindano zangu zote, na mpaka leo nikiona mnyama anatokwa udenda mikono naitia mfukoni kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa. Na hapo ndipo mzee aliponishinda kwa maneno. "Bwana Shamba," akasema, "mimi sikung'atwa na mbwa. Huyu ni paka, tena wangu mwenyewe, tena hana kichaa, ametulia tuli." Ndugu mkulima, alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana jina la ugonjwa huu linatudanganya mara mbili. Linasema mbwa. Ni kweli hapa kwetu mbwa ndiye mwenezaji mkubwa, na watu karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwake. Lakini mbwa akimng'ata paka, paka anaupata. Akimng'ata ng'ombe, punda, mbuzi au fisi, nao wanaupata, na yeyote kati yao aweza kumpa mtu. Tena jina linasema kichaa. Basi tunangoja tuone mnyama anayekimbia ovyo na kuuma miti. Wako wa namna hiyo, na paka wa namna hiyo ni hatari sana, maana hurukia watu usoni. Lakini wako pia wanaonyamaza, wanajificha chini ya kitanda, wanalegea kidogo kidogo. Hao ndio tunaowapakata kwa huruma.

Kwa nini sauti ibadilike? Virusi vya ugonjwa huu havipiti katika damu kama homa nyingine. Vinapanda taratibu kwa mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha mpaka ubongoni. Vikishafika huko, mishipa inayoendesha koo inalegea. Kikoromeo hakifanyi kazi yake, ndiyo maana sauti inakuwa nzito au inakatika. Kumeza hawezi, ndiyo maana maji anayatazama tu na mate yanamwagika nje. Na mate hayo ndiyo yenye virusi. Kwa hiyo mnyama anayeonekana amekwamwa na mwiba anaweza kuwa na hatari yake yote palepale unapotaka kutia kidole.

Sikusema kwamba kila paka aliyekaukiwa sauti ana kichaa. Pengine kweli ni mwiba. Pengine ni sumu: wako watu wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wakampaka paka kwa ajili ya viroboto, au paka amelala juu ya mahindi yaliyotiwa dawa ya unga kisha akajilamba. Nyingi za dawa hizo zina permetrini au ndugu zake, na mwili wa paka hauwezi kuzivunja kama wa ng'ombe. Naye hutokwa udenda na kutetemeka. Lakini wewe na mimi kwa macho hatuwezi kutofautisha, na hata daktari wa mifugo huvaa glavu kwanza.

Basi tulifanya hivi. Nilichukua tenga kubwa la kuku, nikamfunikia paka kwa kutumia mti mrefu, nikaweka jiwe juu. Watoto wote wakaondolewa, na mbwa akafungwa. Mzee akaosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa, ijapokuwa jeraha lilikuwa la jana na yeye alikuwa akinung'unika kwamba ngozi itatoka. Hatukutia mafuta ya taa, wala majani, wala pilipili. Nikampigia simu afisa mifugo wa kata, halafu mzee akapakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali ya wilaya. Sikumruhusu apitie zahanati kwanza, kwa sababu sindano hizi hazipatikani kila zahanati, na ni vema kupiga simu kuuliza kabla ya kutumia nauli.

Mzee aliuliza kama hawezi kungoja aone paka atakuwaje. Hapana. Ni kweli kwamba mbwa au paka aliyeng'ata mtu hufungiwa siku 10, na akimaliza siku hizo akiwa hai na mzima, basi mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini sindano huanza siku ya kwanza. Mtu huweza kukaa miezi miwili au mitatu bila kuumwa chochote, akadhani ameokoka. Dalili zikishaanza, maji yakimtisha na koo likimkaba, hakuna dawa ya kumponya. Chanjo inayofanya kazi kabla ya hapo tunayo tangu Pasteur alipomchoma mtoto wa kwanza kule Ufaransa mwaka 1885.

Paka alikufa siku ya nne akiwa chini ya tenga. Vijana walitaka kumponda kichwa tangu siku ya kwanza wakakatazwa, maana ni ubongo unaopimwa. Afisa mifugo alikata kichwa kwa glavu, kikaenda maabara ndani ya barafu. Jibu likarudi: kichaa cha mbwa. Mzee alimaliza sindano zote kwa tarehe alizoandikiwa. Bibi na mjukuu nao walichomwa, kwa kuwa walikuwa wamemfuta paka udenda kwa mikono yenye michubuko ya kupukuchua mahindi.

Nilirudi pale mwaka uliofuata. Mzee ni mzima, anapukuchua. Kihengeni kulikuwa na panya wengi kupita dumuzi. Bibi alikuwa amepewa mtoto wa paka na jirani, akaniuliza kama amrudishe. Nikamwambia amlee, ila akitimiza miezi mitatu amtie kapuni ampeleke siku ya chanjo ya mbwa, kisha arudie baada ya mwaka. Akaniuliza, "Na mbwa wa jirani, ambaye hapelekwi?" Nikaenda kwa jirani.